Karani wa Getini: Uchambuzi wa Kisa cha Mbegu Zisizokwenda

Aliyekuja kwanza maabarani kwetu alikuwa mke. Alikuwa na bahasha ya kaki iliyotuna, akaiweka juu ya kaunta kwa mikono miwili kama mtu atuaye mzigo. Ndani mlikuwa na miaka minne ya ndoa yake: vipimo vya homoni mara tatu, ultrasaundi mbili, na ile picha ya eksirei ambayo dawa hupitishwa ndani ya kizazi ili ijulikane kama mirija iko wazi au imeziba. Wanawake walioipitia watakwambia inavyouma. Mirija yake ilikuwa wazi. Homoni zilikuwa sawa. Mayai yalikuwa yakipevuka mwezi baada ya mwezi. Niliipekua bahasha mpaka chini nikitafuta karatasi moja tu ya mumewe, nisiione.

"Yeye hajapimwa?" nikamuuliza.

"Ami, yeye ni mzima," akajibu. "Mwenye kasoro ni mimi, ila hawajaiona bado."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike kisa hiki. Nimeomba ruhusa ya wote wawili wakanipa, na yale ambayo yangewafanya watambulike nimeyabadilisha. Mimi ni mtaalamu wa maabara. Kazi yangu hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka 20 ni kuangalia kwenye hadubini na kuandika ninachokiona. Kutibu ni kazi ya madaktari. Lakini yapo mambo ambayo aliyeinamia hadubini huyaona yakijirudia, na akinyamaza watu wanaendelea kuumia.

Huyu dada alikuwa ameumia vya kutosha. Alikuwa amekunywa kombe, amekunywa mizizi, amefukizwa. Mavyaa wake alikuwa amekwisha kutaja jina la binti wa kuposwa awe mke wa pili. Na muda wote huo kipimo cha mbegu za mume, ambacho ni kazi ya nusu siku, hakiumi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya gharama za ile picha ya mirija, hakuna aliyekitaja. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu mzima 1 kati ya 6 hukumbana na tatizo la kutopata mtoto wakati fulani maishani mwake. Upande wa mwanamume huhusika katika karibu nusu ya ndoa hizo, peke yake au pamoja na upande wa mke. Kumlaza mke kwenye meza ya eksirei kabla mume hajatoa sampuli ni dhuluma. Nalisema hivyo kwa sababu nimeiona ikitendwa mara nyingi mno, na watu wema wakiitenda bila kujua.

Mume alikuja wiki tatu baadaye. Shemeji yake, kaka wa mke, ndiye aliyemshawishi. Walikuja pamoja, shemeji akabaki nje. Mwanamume wa miaka 34, mpole, aliyevaa shati safi. Kabla sijamuuliza lolote akasema, kwa sauti ya chini, "Nguvu ninazo, ami. Hilo nataka ulijue."

Nikamwambia nimeamini. Hapa ndipo wanaume wengi wa kwetu hukwama, na matangazo ya dawa za nguvu za kiume yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme kutoka Mwembe Tayari mpaka Kongowea yamezidisha utata. Nguvu za kiume ni jambo moja, uzazi ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa simba chumbani na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Na wa kinyume chake wapo. Manii hayaonyeshi kwa macho kilichomo ndani. Ndiyo maana ya hadubini.

Fomu yetu humuuliza mwanamume maswali ya kawaida. Amewahi kuugua matumbwitumbwi ukubwani? Hapana. Upasuaji wa ngiri au korodani? Hapana. Kisukari, dawa za kila siku, homa kali miezi ya karibuni? Hapana. Sigara? Hajawahi kuvuta. Muguka? Akanyamaza kidogo, kisha akasema majani hayo, ndugu wa miraa, huyatafuna usiku mbili au tatu kwa wiki, akiwa zamu ya usiku, ili asisinzie. Nikaandika. Kazi? "Karani."

Kwenye fomu, karani ni mtu wa mezani. Ningeliandika neno hilo nikaendelea, lau asingelitoa leso mfukoni kujifuta jasho. Ilikuwa leso nyeupe, imefuliwa, lakini katikati ilikuwa na doa la kijivu la zamani lisilotoka, na alipopenga kamasi nikaona michirizi myeusi. Nikamuuliza: karani wa wapi?

Karani wa geti. Kwa miaka sita alikuwa akisimama kwenye lango la yadi ya makontena upande wa Changamwe. Lori linafika, anapokea karatasi dirishani kwa dereva, anazunguka nyuma kusoma namba ya kontena na ya lakiri, anarudi kibandani kuandika, anafungua geti. Siku zenye meli nyingi hupitisha malori zaidi ya mia moja. Zamu ni saa 12. Kibanda ni cha mabati, dirisha lake linatazama foleni, na katika foleni hiyo madereva hawazimi injini, kwa kuwa foleni inasogea kidogo kidogo na kiyoyozi nacho kinataka injini. Akizunguka nyuma ya lori anapita karibu na bomba la moshi. Mkewe aliniambia baadaye kwamba mashati ya mumewe ya kazini huyafua kwa beseni lake peke yake, na maji ya kwanza humwagwa meusi.

Wengi wetu pwani tunadhani hewa yetu ni safi kwa sababu ya bahari, na kwa sehemu ni kweli. Kusi ikivuma, moshi wa mji huchukuliwa; kaskazi nayo ina kazi yake. Lakini makontena yakipangwa manne kwenda juu, huwa ukuta. Upepo unapita juu, na kule chini, kwenye uchochoro wa geti, moshi unabaki na walioko chini. Usiku bahari ikitulia hali huwa nzito zaidi. Yeye ndivyo alivyonieleza, kabla sijasoma chochote kuhusu jambo hilo: "Saa nane za usiku unauona moshi umesimama kwenye taa, hauendi popote."

Sampuli ya kwanza, ambayo nilikataa kuitolea uamuzi

Kuna jambo la sampuli ambalo lazima nilieleze kwa urefu, maana watu wamehukumiwa utasa kwa ajili yake. Mwanamume anatakiwa akae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Sampuli yote ikusanywe, bila tone la kwanza kupotea, kwa kuwa hapo mwanzo ndipo penye mbegu nyingi. Kondomu ya kawaida haifai, mafuta yake hudhuru mbegu. Kisha sampuli ifike maabarani ndani ya saa moja, ikiwa imewekwa karibu na mwili ili isipoe wala isichemke.

Yeye aliona haya kutumia chumba chetu, na alikuwa na wasiwasi wa kidini kuhusu namna ya kutoa sampuli. Nikamweleza kwamba mkewe anaweza kumsaidia, na kwamba anaweza kuitolea nyumbani. Wao wakikaa Mikindani. Asubuhi ile lori liliharibika Kibarani, barabara ikafunga, na sampuli ikafika baada ya saa moja na dakika 50. Mbegu zilizokuwa zikijongea zilikuwa 14 kati ya 100.

Namba hiyo ingeliweza kuandikwa, ikapigwa muhuri, akaenda nayo nyumbani. Mimi niliandika: imechelewa, irudiwe. Mbegu zinazocheleweshwa zinachoka na kufa zikiwa chupani. Ukizipima hapo unapima foleni ya Kibarani, humpimi mtu. Alivunjika moyo kidogo, lakini akaenda akazungumza na imamu wa msikiti wao, akarudi ametulia, wakaja yeye na mkewe na kutumia chumba chetu.

Sampuli ya pili niliishika ikiwa bado na joto. Ujazo mililita 2.6. Mbegu milioni 41 kwa mililita. Zilizo hai asilimia 61. Zenye umbo zuri asilimia 4. Zinazojongea kwa namna yoyote asilimia 33, na zinazokwenda mbele sawasawa asilimia 21.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, toleo la sita la mwaka 2021, unaweka mipaka ya chini hivi: ujazo 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, zilizo hai 54, umbo zuri 4, zinazojongea 42, zinazokwenda mbele 30. Mipaka hiyo ilitolewa kwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja. Kwa kila mpaka, 5 kati ya kila 100 kati yao walikuwa chini yake. Kwa hiyo aliye chini hajahukumiwa kuwa tasa. Ana safari ndefu zaidi.

Tazama sasa jinsi namba zake zilivyokaa. Idadi alikuwa nayo, tena ya kutosha sana. Zilizo hai zilitosha. Kilichopungua ni mwendo. Mbegu zilikuwa pale, hai, zinatikisika mahali pamoja kama mashua iliyopwelewa. Tulirudia baada ya wiki nne na majibu yakawa karibu yale yale: zinazojongea asilimia 36, zinazokwenda mbele 23.

Kuondoa yasiyokuwa

Daktari wa magonjwa ya mkojo na uzazi wa kiume alimpima. Mishipa ya korodani haikuwa imevimba, nalo ndilo jambo la kwanza la kutafutwa kwa mtu kama huyu kwa kuwa linatibika. Testosteroni, homoni ya kiume, ilikuwa sawa. Hakukuwa na usaha kwenye manii wala dalili ya maambukizi. Sukari sawa.

Niliuliza pia kuhusu madini ya risasi, kwa sababu ya alikokuwa akiishi. Mtu wa Mikindani hawezi kutoulizwa. Owino Uhuru iko jirani, kile kijiji ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza risasi hewani na majini mpaka ikapatikana ndani ya damu za watoto. Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe alipatikana na risasi mwilini, aliongoza mapambano yaliyomletea Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 kabla kesi haijapanda rufani. Risasi inajulikana kwa miaka mingi kuwa adui wa mbegu za kiume. Huyu bwana alihamia Mikindani mwaka 2021, kiwanda kikiwa kimefungwa zamani, na hakukaa karibu na eneo lile. Kipimo cha damu hakikuonyesha kitu.

Yakabaki mambo matatu mbele yetu. Muguka. Joto la kibanda cha mabati, maana korodani zinataka zikae chini ya joto la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4, na ndiyo sababu zikawekwa nje. Na hewa ya geti.

Watu wa geti wa Naples

Mimi si mtu wa kukimbilia utafiti wa mbali, lakini kuna mmoja ambao nilipousoma niliona kama umeandikwa kuhusu mtu huyu. Mwaka 2003 watafiti wa Italia walichapisha habari za wanaume 85 waliokuwa wakifanya kazi kwenye vibanda vya kukusanya ushuru wa barabara kuu karibu na Naples, wakiwalinganisha na wanaume wengine 85 wa umri wa aina moja, wa eneo lile lile. Watu wa vibandani walikuwa wakivuta moshi wa magari yanayosimama na kuondoka mchana kutwa. Idadi ya mbegu zao haikutofautiana na ya wenzao kwa kiasi cha maana. Mwendo wa mbegu ndio uliokuwa umeshuka.

Utafiti mmoja haumalizi neno. Kule Teplice, mji wa Jamhuri ya Cheki uliokuwa ukichoma makaa ya mawe hafifu, vijana walifuatiliwa wakati wa baridi, moshi ulipojaa, na wakati hewa ilipotakata. Katika kazi iliyotolewa mwaka 2005, vijana 36 walitoa sampuli hadi mara saba kila mmoja kwa miaka miwili. Moshi ulipozidi, vipimo vya kawaida havikubadilika sana, ila vinasaba ndani ya mbegu vilionekana vimekatikakatika zaidi. Hili linanisumbua kuliko yote, maana kipimo changu cha kila siku hakioni vinasaba. Mtu anaweza kutoka kwangu na karatasi safi, mbegu zake zikiwa zimebeba ujumbe uliochanika.

Na mwaka 2024 ukatoka utafiti mkubwa wa Denmark, wa wanaume 526,056 wenye umri wa miaka 30 hadi 45, walioishi na wake au wenzi na kuwa na watoto chini ya wawili. Chembe laini za hewani zilipozidi kwa mikrogramu 2.9 katika kila mita ya ujazo, uwezekano wa mwanamume kuandikiwa utasa ulipanda kwa asilimia 24. Denmark, nchi ambayo hewa yake wengi duniani wangeitamani. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 za chembe hizo. Aliyewahi kusimama nusu saa Changamwe saa kumi na mbili jioni hahitaji kifaa kumwambia kwamba hapo mikrogramu 5 zilishapitwa.

Chembe hizo ni zipi? Ni vumbi na masizi yenye upana usiozidi maikromita 2.5, kama sehemu moja ya thelathini ya upana wa unywele. Pua haizikamati. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa hupenya kuingia katika damu, zikiwa zimebeba mabaki ya mafuta yaliyoungua nusu na vipande vya metali. Mwili unaziona kama adui, unawaka moto wa ndani, na katika moto huo huzaliwa molekuli kali zinazokula chochote zinachokigusa, kama hewa ya bahari inavyokula chuma.

Na hakuna seli ya mwili inayoweza kuliwa kwa urahisi kama mbegu ya kiume. Imevuliwa karibu kila kitu ili iwe nyepesi: kichwa cha vinasaba, shingo yenye mitambo ya nguvu, na mkia. Ile sehemu ya ndani ambamo seli nyingine huweka akiba ya kinga, yenyewe imeitupa njiani. Utando wake umejaa mafuta laini yanayoharibika upesi. Na vinasaba vyake vikikatika, haina fundi wa kuviunga. Mitambo ya shingoni ikilegea, mkia hauna wa kuusukuma. Hapo unapata mbegu iliyo hai na isiyokwenda. Kwa maneno mengine, unapata karatasi ya huyu bwana.

Kutengenezwa kwa mbegu huchukua siku kama 74, na wiki nyingine mbili hivi za kupevuka na kupita mirijani. Huwaeleza wateja wangu hivi: hewa uliyovuta Ramadhani, mbegu zake nitaziona karibu na Idd ya kuchinja. Kwa hiyo hakuna dawa ya wiki moja. Lakini pia, kwa aliye mzima sehemu nyingine, kila miezi mitatu huja mbegu mpya ambazo hazijaionja hewa ya zamani. Sijui habari njema kuliko hiyo katika jambo hili zima.

Kilichofanyika

Alikuwa amekwisha kununua makopo mawili ya unga wa vitamini kwa bei ya kuumiza. Nikamwambia ukweli: mwaka 2020 Wamarekani walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha wenzi 2,370, wanaume wakipewa zinki na asidi ya foliki, na mbegu hazikuwa bora wala watoto hawakuongezeka. Fedha ile aiweke.

Muguka aliacha siku ile ile, na hakurudi. Jiko la makaa ambalo mkewe alikuwa akilikokea sebuleni kwa kukaangia mahamri ya kuuza alfajiri, lilihamishiwa uani. Moshi wa jikoni hauna tofauti na wa lori ukishafika mapafuni, na yeye akitoka zamu ya usiku alikuwa akiingia kulala katika moshi wa pili.

Geti ndilo lililokuwa gumu. Aliomba ahamishwe, akaambiwa asubiri. Nilimshauri barakoa ya kuchuja vumbi laini, ile nene inayobana usoni, kwani ya kitambaa haizuii kitu. Aliivaa siku nne. Kwa joto la Februari la Mombasa, ndani ya mabati, sikumlaumu alipoiacha. Ndipo akabuni lake mwenyewe. Alipata ubao, akaandika kwa rangi nyekundu: ZIMA INJINI NDIPO KARATASI ZIPOKEWE. Madereva walimtukana wiki ya kwanza. Yeye akasimama kibandani, hatoki mpaka lori linyamaze. Akawahesabia mafuta: foleni isiyosogea dakika 20, injini ikinguruma, ni shilingi zinazotoka mfukoni mwa mwenye lori. Wazee wao walianza kukubali, na vijana wakafuata. Hakuwazima wote. Lakini mkewe aliniambia maji ya beseni yalianza kutoka ya kijivu, na mimi nikayaandika pembeni mwa faili kana kwamba ni kipimo cha maabara, kwa kuwa kingine sikuwa nacho.

Inasemwa dizeli yetu ni safi siku hizi, na ni kweli kwamba tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni. Dizeli safi ndani ya injini iliyochakaa bado hutoa moshi mweusi. Kibanda hakijui habari za salfa.

Mwezi wa Aprili karani wa ofisi ya ndani aliacha kazi, naye akapewa meza. Tulimpima tena mwishoni mwa Septemba. Mbegu milioni 38 kwa mililita, zinazojongea asilimia 45, zinazokwenda mbele 33. Amevuka mpaka, kwa kidogo.

Je, ni hewa? Siwezi kuapa. Aliacha muguka wakati ule ule. Alitoka kwenye joto la mabati akaingia kwenye feni. Alianza kulala usiku. Sampuli za mwanzo zilikuwa za miezi ya joto kali na hii ya mwisho ni ya baada ya kusi. Na namba za mbegu za mtu yule yule hupanda na kushuka hata bila sababu. Mtu mmoja si utafiti. Ninachoweza kusema ni kwamba mpangilio wa majibu yake unafanana na ule wa watu wa Naples, kwamba muda aliochukua kupata nafuu unakubaliana na muda wa mbegu kujijenga, na kwamba sababu nyingine kubwa zilitafutwa zikakosekana. Kama ningekuwa mimi ninayesimama getini pale na mke wangu anatafuta mtoto, hayo yangenitosha kuomba nitolewe.

Na yangenitosha kudai swali liongezwe. Fomu inamuuliza mwanamume kama anavuta sigara, kwa sababu moshi wa sigara unajulikana. Huyu hakuwahi kuishika sigara, na alivuta moshi saa 12 kwa siku kwa miaka sita bila mtu kumuuliza. Kwenye fomu yetu sasa, chini ya neno "Kazi", nimechora mstari wa pili kwa rula: "Unasimama wapi ukiifanya, na hewa ya hapo ikoje?" Wameanza kuujaza. Fundi wa kuchomelea vyuma. Mpakia simenti. Utingo. Muuza mahindi ya kuchoma. Wote hawa zamani tuliwaandika kazi, hewa yao hatukuiuliza.

Mimba bado haijaingia ninapoandika haya. Daktari wao amewapa muda, na namba walizo nazo sasa zinaruhusu kungoja. Lakini jambo moja lilitokea ambalo halikuwa la maabara. Jioni ya siku aliyopokea majibu ya kwanza ya kweli, alikwenda kwa mamake na ile karatasi. Hakusubiri nafuu, hakusubiri namba zipande. Akamkalisha, akamsomea, akamwambia, "Mama, mke wangu hana ila. Ni mimi." Mkewe alinisimulia hayo akiwa amesimama pale pale kwenye kaunta alipoiweka ile bahasha. Jina la yule binti wa kuposwa halikutajwa tena.

Getini kwake amewekwa kijana wa miaka 23, ameoa juzi juzi. Mtangulizi wake alikwenda kumfundisha kazi kwa siku mbili: daftari, lakiri, ubao wa injini. Mtangulizi huyo ni mwana wa mvuvi wa Mtongwe, na lugha ya pepo za bahari anayo. Alimsimamisha yule kijana kando ya lori, akamwelekeza uso kunakotoka upepo, akamwambia kaa joshini daima, moshi ukuondokee, usikujie. Na kusi ikigeuka kaskazi, nawe ugeuke, uhame upande wa pili wa geti.